"Hana tatizo" si ripoti ya makuzi ya kijana

Ingia ofisi ya mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari, uombe mafaili ya wanafunzi wawili, mmoja mtundu na mmoja mtulivu. La mtundu limevimba: barua za onyo, maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake akiwa amesimama, sahihi za mzazi, tarehe za adhabu. La mtulivu lina fomu ya kujiunga, picha ndogo, na pengine mstari mmoja: "Hana tatizo." Basi. Miaka yote ya ujana wake imetoshea kwenye maneno mawili.

Katika kazi ya ushauri nasaha nimeyasoma mafaili ya aina zote mbili, na siku hizi linaloninyima raha zaidi ni hilo jembamba.

Tumefikaje hapa? Kwa muda mrefu ujana ulisomwa kama unavyosomwa ugonjwa. Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall, alichapisha kazi kubwa iliyoueleza ujana kuwa kipindi cha tufani na mihemko, na picha hiyo ikaganda. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 watafiti na walimu walihesabu mabaya: utoro, ugomvi, mimba, dawa za kulevya. Kijana ambaye hakupatikana na hata moja kati ya hayo alionekana amevuka salama. Swali la amevuka kwenda wapi, na amebeba nini, halikuulizwa sana.

Lilianza kuulizwa kwa nguvu katika miaka ya 1990. Taasisi ya Search Institute ya mjini Minneapolis, Marekani, kwa mfano, iliorodhesha vitu vinavyomjenga kijana, na orodha yake ikafika 40. Nusu vimo ndani ya kijana mwenyewe, kama ari ya kujifunza na uwezo wa kupanga mambo yake. Nusu nyingine humzunguka, kama mtu mzima asiye mzazi anayemjali. Baadaye Richard Lerner wa Chuo Kikuu cha Tufts na wenzake wakaanza, mwaka 2002, kufuatilia vijana wa Marekani tangu darasa la tano hadi mwisho wa sekondari. Walipima mambo matano: umahiri, kujiamini, mahusiano, maadili na kujali wengine. Hoja yao ni kwamba yakikua kwa pamoja huzaa la sita, yaani kijana kuanza kuchangia katika familia yake, shule yake na jamii yake. Fikra hii ndiyo huitwa makuzi chanya ya vijana.

Orodha hizi zinapendwa sana kwenye semina, nami nimezifundisha mara nyingi. Shida ni kwamba zinabandikika ukutani. Nimeona maneno "Jiamini!" kwenye bango zuri la rangi juu ya ubao, na chini yake darasa zima la watu ambao hawajawahi kuachiwa kuamua jambo lolote tangu wajiunge na shule hiyo.

Kujiamini hutoka wapi, basi? Mtafiti Reed Larson alilijibu swali la jirani na hilo akitumia utafiti ambao vijana walibebeshwa peja, kifaa kidogo cha kupokea mlio wa kuitwa. Kifaa kilipolia, saa yoyote ile, kijana aliandika anafanya nini, akili yake imezama kiasi gani, na kama anakifanya kwa kupenda. Darasani akili ilikuwa imezama lakini hamu ilikuwa chini. Wakiwa na marafiki, hamu ilipanda na umakini ukashuka. Vyote viwili vilipanda pamoja katika shughuli ambazo kijana amejichagulia mwenyewe na zenye kanuni na lengo la kufikia: michezo, sanaa, muziki, klabu. Larson aliona kuwa hapo ndipo kijana hujifunza kuanzisha jambo na kulisukuma hadi mwisho bila kushurutishwa. Na hizo ndizo saa ambazo shule nyingi huzifuta kwanza mtihani unapokaribia.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Nilikaa nyuma ya ukumbi wakati wa mazoezi ya klabu ya maigizo, siku tisa kabla ya onyesho. Habari ikaja kuwa mhusika mkuu anaumwa na hatapona kwa wakati. Vurugu. Mmoja akataka onyesho liahirishwe, mwingine akataka sehemu ile ikatwe, wawili wakaanza kulaumiana. Mwalimu mlezi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mstari wa tatu, mikono mapajani, kimya. Nilimwona akifungua mdomo mara mbili na kuufunga. Ndipo binti aliyekuwa akishika mswada na kuwakumbusha wenzake maneno, ambaye walimu wa darasani waliniambia huwa hanyanyui mkono kabisa, akasema kwa sauti ya chini: "Maneno yake nayajua yote." Wote wakageuka. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Na mswada atashika nani?"

Ukimya wa mwalimu yule ulikuwa kazi, tena ngumu kuliko kutoa amri. Angeweza kulitatua jambo lile kwa nusu dakika, na binti angeendelea kushika mswada hadi anamaliza shule. Lakini pia hakuondoka ukumbini. Wapo wanaodhani malezi haya ni kulegeza kamba, kijana afanye atakalo. Sivyo. Kanuni zilikuwepo, tarehe ya onyesho haikusogezwa, na mtu mzima alikuwa pale pale.

Ushirikishwaji wa mapambo ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko lake kwa UNICEF, alichora ngazi yenye vidato vinane vya ushiriki wa watoto na vijana, akasema vitatu vya chini si ushiriki: kuwatumia, kuwafanya mapambo, na kuwaweka kwa jina tu. Viongozi wa wanafunzi ambao ajenda zao huandikwa na ofisi wamesimama huko chini. Mkuu wa shule akitaka kujua shule yake iko kidato cha ngapi cha ngazi hiyo, ajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho neno la wanafunzi lilibadilisha mpango uliokwisha pangwa.

Kuhusu vitisho nitasema kifupi. Nchini Marekani ziliwahi kupendwa programu za kuwapeleka vijana gerezani wafokewe na wafungwa ili waogope uhalifu. Tathmini zilipofanywa kwa makini, vijana waliopelekwa walivunja sheria zaidi kuliko wenzao wasiopelekwa.

Kinyume chake, jambo dogo mno linaweza kuzaa matunda. Mwanasaikolojia David Yeager na wenzake, katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, waliwaomba walimu wasahihishe insha za wanafunzi wa darasa la saba kama kawaida, kwa ukali wa kawaida. Kisha kila insha ikaambatishwa kikaratasi. Baadhi viliandikwa tu kwamba nakupa maoni haya ili uwe na mrejesho kuhusu insha yako. Vingine viliandikwa kwamba nakupa maoni haya kwa sababu nina matarajio makubwa kwako, na najua unaweza kuyafikia. Kwa wanafunzi weusi, ambao wengi wao walikuwa na sababu za kutowaamini walimu, waliochagua kuirudia insha walipanda kutoka asilimia 17 hadi zaidi ya 70. Wino mwekundu haukupunguzwa. Kilichoongezwa ni sentensi moja ya kumweleza mtoto kwa nini anasahihishwa.

Mzazi anaweza kuitumia hiyo leo jioni, na haimgharimu kitu.

Kwa shule, lipo zoezi ninalolipenda. Majina ya wanafunzi wote hubandikwa kwenye ukuta wa chumba cha walimu, wanafunzi wakiwa wamekwenda nyumbani. Kila mwalimu hupita na kalamu, akiweka alama mbele ya jina la mwanafunzi ambaye anamfahamu hasa: anajua anapenda nini, ana hofu gani, na anaamini kwamba mwanafunzi huyo akipata shida atamfuata yeye. Mwanzoni chumba huwa na mzaha. Baada ya robo saa hutulia. Watundu huwa na alama tele, na vinara wa masomo pia. Halafu watu huanza kuyatazama majina yasiyo na alama hata moja, na mara nyingi ni yale ya mafaili membamba. Majina hayo hugawanywa hapo hapo, kila mwalimu mawili au matatu, na karatasi huondolewa ukutani kabla ya asubuhi. Wanafunzi hawaambiwi. Wao wataona tu kwamba kuna mwalimu ameanza kuwasalimia kwa jina, na wiki inayofuata anawauliza jambo ambalo halimo kwenye silabasi.