Furukombe na diatomu za hori ya Mida

Wageni wanaofika hori ya Mida, kusini mwa Malindi, huinua macho kumtafuta furukombe, ndege mbuai anayetujia na kaskazi kutoka Ulaya na Asia. Anastahili kutazamwa. Hujitupa majini miguu ikitangulia, matundu ya pua yakijifunga. Kidole chake cha nje hugeuka nyuma, akamshika samaki kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, na nyayo zake zina vijiba vikali ili windo lisimteleze.

Nawaomba mtazame na chini. Maji yakipwa mchana, tope la hori hupata rangi ya hudhurungi yenye wekundu wa dhahabu. Hizo ni diatomu, mwani wa chembe moja, nyingi hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Hupanda juu ya tope kufuata jua, na kabla maji hayajajaa huzama tena. Ukiziweka chini ya hadubini utaona kila moja imo ndani ya gamba la silika, kioo kabisa, lenye vipande viwili kama kopo na kifuniko chake. Ikigawanyika, kila mtoto hurithi kipande kimoja akakifanya kifuniko, kisha hujiundia kingine kidogo cha kuingia ndani. Kwa hiyo aliyerithi kipande cha ndani huwa mdogo kuliko mzazi, na ukoo huzidi kupungua kimo hadi wakati wa kuzaana kwa jinsia, ndipo ukubwa wa awali hurejea. Mimi sijaona gamba zuri kuliko hilo.

Kinachowaunganisha wawili hawa ni mkizi, yule yule ambaye hasira zake ni furaha ya mvuvi. Mkizi hula diatomu topeni, furukombe humla mkizi. Hatua mbili tu.

Sumu nayo hupita njia hiyo hiyo, ikizidi kila hatua. Katikati ya karne ya 20 dawa ya wadudu ya DDT iliwafikia furukombe wa Marekani kupitia samaki. Maganda ya mayai yakawa membamba, yakavunjika yakiatamiwa. Idadi yao ilianza kupanda baada ya dawa hiyo kupigwa marufuku huko mwaka 1972.

Basi mkulima wa karibu na hori, usioshee pampu ya dawa kwenye maji yake, wala usitupe kopo tupu kwenye mtaro unaoteremkia mikokoni.