Au kuna mwenye neno?

Mwanzoni mwa Mei 2024 nilikaa chini ya mwembe, hatua chache kutoka mwalo mmoja hapa Kigoma, nikiwa mgeni kwenye kikao cha kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Wanachama 27, wengi wao akina mama wanaonunua dagaa wabichi alfajiri, wakaanika, wakauza. Ajenda ilikuwa moja: kuna mtumbwi, na mashine yake, na nyavu zake, unauzwa kwa bei ya kutupa. Hela ya kwenye sanduku haikutosha, kwa hiyo kikundi kingeongezea mkopo ambao marejesho yake yanaanza mwezi huohuo. Mwenyekiti, mzee mstaafu anayeheshimika kwelikweli mtaani, alieleza kama dakika kumi, kisha akamaliza hivi:

"Mimi naona tumekubaliana. Au kuna mwenye neno?"

Kimya. Mtoto akakohoa mgongoni kwa mama yake. Mikono ikaombwa, ikanyooshwa yote. "Basi, makofi ya kilo." Tukapiga.

Mei 15 Ziwa Tanganyika likafungwa, hakuna kuvua hadi Agosti 15. Na haikuwa siri. Ilitangazwa redioni, ilizungumzwa sokoni, hata muuza vocha aliijua. Mtumbwi ule uliuzwa rahisi kwa sababu hiyohiyo. Miezi mitatu ukalala mchangani umefunikwa turubai, na marejesho yakaendelea kudaiwa kana kwamba ziwa liko wazi.

Walionyamaza siku ile hawakuwa 27. Walikuwa 28, ukinihesabu na mimi ambaye kazi yangu ni saikolojia ya vikundi. Niliwaza: mimi nimekuja kufundisha uendeshaji wa vikao, nitaanzaje kuwaeleza watu wa mwaloni habari za ziwa? Bila shaka wameshapiga hesabu zao.

Baadaye niliwatembelea baadhi yao, mmoja mmoja, kwenye vichanja vya kuanikia. Mama mmoja aliniambia huku anageuza dagaa, wala hakuinua uso: "Nilijua, mwalimu. Ila nikasema, mzee hawezi kukosa kujua. Halafu nikamtazama jirani yangu, katulia. Nikatulia." Jirani yake naye, nilipomfikia, akasema alitulia kwa sababu yule mama alitulia.

Hapo ndipo penye utamu wa somo hili, kama unaweza kuuita utamu. Tunapenda kudhani kundi likikosea ni kwa sababu watu hawakujua. Hapa kila mtu alijua. Kisichojulikana kilikuwa kimoja tu: kwamba wengine nao wana wasiwasi. Kila mmoja aliusoma ukimya wa mwenzake kama ndiyo, na wa kwake mwenyewe akausoma kama busara.

Aliyelipima jambo hili kwa namna ninayoipenda zaidi ni Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, kwenye majaribio aliyoanza kuyachapisha mwaka 1951. Aliwakalisha vijana wa chuo pamoja, akawaonyesha kadi mbili. Ya kwanza ina mstari mmoja, ya pili ina mitatu, nawe useme ni upi kati ya mitatu unaolingana na ule mmoja. Ni kazi ya macho tu. Mtu akifanya peke yake hukosea chini ya mara 1 kwa 100. Ila kwenye chumba cha Asch wote walikuwa wamepangwa naye wakosee makusudi, isipokuwa mmoja, na huyo alijibu wa mwisho au karibu na mwisho. Katika raundi 12 kati ya 18, wenzake walitaja kwa sauti moja mstari ambao si wenyewe. Hebu jione upo pale. Mstari unauona kwa macho yako, na watu sita, saba, wote wametaja mwingine, tena bila hata kusitasita. Sasa ni zamu yako.

Karibu asilimia 37 ya majibu katika raundi hizo yalifuata wenzao. Robo tatu ya washiriki walifuata angalau mara moja. Robo moja haikuyumba hata mara moja, na hao wanasahaulika sana jaribio hili linapohadithiwa.

Asch aliwahoji baadaye. Wapo waliosema waliuona ukweli ila hawakutaka kuonekana wa ajabu. Wapo walioanza kuyashuku macho yao wenyewe. Msomaji, hizi ni hali mbili tofauti kabisa, ingawa kwa mwenyekiti anayehesabu mikono zinafanana. Wa kwanza ameficha anachokijua. Wa pili ameanza kukipoteza.

Kuna msemaji wa mtandaoni, simtaji, anayependa kusema hii ni tabia yetu Waafrika, tumelelewa kutopinga wakubwa. Vijana wa Asch walikuwa Wamarekani. Ni kweli kwamba mwaka 1996 watafiti Bond na Smith walikusanya tafiti 133 za aina hii kutoka nchi 17, wakakuta watu wa jamii zinazothamini umoja hufuata wenzao zaidi. Zaidi, sawa. Si kwamba wengine hawafuati.

Irving Janis wa Chuo Kikuu cha Yale ndiye aliyeifanya iwe maarufu dhana ambayo mimi naiita fikra za mkumbo, kwenye kitabu chake cha 1972. Usiichanganye na kufuata mkumbo kwa kawaida, kama kijana anayenyoa kiduku kwa kuwa wenzake wamenyoa. Janis alizungumzia vikundi vidogo vya watu wanaopendana na kuaminiana, watu wenye akili, ambao wanaulinda umoja wao mpaka wanasahau kuupima uamuzi. Mfano wake mkubwa ni Aprili 1961, serikali ya Rais Kennedy wa Marekani ilipowapeleka Wacuba wapatao 1,400 waliokuwa uhamishoni wakaivamie Cuba kwenye Ghuba ya Nguruwe. Siku tatu mambo yalikuwa yameisha, zaidi ya 1,100 wametekwa. Mshauri mmoja, Arthur Schlesinger, alikuwa ameandika barua ya kupinga mpango ule, lakini vikaoni alikuwa kimya, na baadaye alijilaumu kwa hilo. Kalamu ilithubutu, mdomo ukashindwa.

Oktoba 1962, kwenye mgogoro wa makombora ya nyuklia ambayo Wasovieti waliyaweka huko huko Cuba, Kennedy alifanya kitu ambacho mzee wetu wa mwembeni angeweza kukifanya bila gharama yoyote: baadhi ya vikao hakuhudhuria, makusudi, ili watu wabishane bila kumtazama usoni.

Ndiyo maana mafunzo ya "thubutu kusema" siyaamini sana. Yule mama wa dagaa si mwoga. Amewahi kumkatalia mwenye mzani mbele ya mwalo mzima. Anachohitaji ni utaratibu ambao hautamdai ujasiri kila Jumamosi. Kwa Asch, akiwekwa mwenzake mmoja tu anayetaja mstari sahihi, kufuata kundi kunashuka hadi kama robo ya pale kulipokuwa. Majibu yakiandikwa badala ya kutamkwa, kunashuka pia.

Vikoba vina sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, ili asiwepo mmoja wa kuzigusa hela peke yake. Mkono unaonyooshwa hauna hata kitasa.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye kikundi kilekile, safari hii nikiwa na mfuko wa kitambaa. Kulikuwa na pendekezo la kumkopesha mwanachama mmoja kiasi kikubwa mno, na mwenyekiti alishalisifia. Kila mtu alipewa punje ya mahindi na punje ya haragwe. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Unaingiza ngumi mfukoni, unaachia moja, nyingine unabaki nayo.

Mzee alizimwaga kwenye ungo akazihesabu. Mahindi 15, maharage 13. Akanyamaza, akahesabu tena. Wanachama 27, punje 28. Kuna mtu kaachia zote mbili, au kaokota ya mwenzake, hatukujua. Watu wakacheka sana. Mweka hazina akasema hata hivyo kumi na wangapi hao wamekataa, si mchezo, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu anauliza: "Lakini dhamana yake ni nini?"

Tukarudia kura. Mara ya pili zilitimia 27, na maharage yalikuwa 19.