Je, Wajua Kwa Nini Meli za "Kiholanzi" za Batavia Ziliwahi Kuwa Mali ya Mskoti?

Kwa miaka mingi niliamini, tena bila shaka yoyote, kwamba Nederlandsch-Indische Stoomvaart Maatschappij, kampuni ya meli za mvuke iliyosambaza barua za serikali katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, ilikuwa ya Waholanzi. Jina lilikuwa la Kiholanzi, bendera ilikuwa ya Kiholanzi, na aliyeilipa alikuwa serikali ya kikoloni iliyokaa Batavia, Jakarta ya leo. Nilikosea. Kampuni hiyo iliundwa na William Mackinnon, Mskoti wa Campbeltown aliyekuwa na British India Steam Navigation, na ikashika mkataba wa barua kuanzia 1866 hadi mwisho wa 1890. Ni Mackinnon huyohuyo ambaye meli zake zilianza kuleta barua Zanzibar mwaka 1872, na ambaye mwaka 1888 aliongoza kampuni ya Imperial British East Africa iliyoweka makao yake Mombasa.

Kosa langu lilitokana na kuisoma bendera kana kwamba ni hati ya umiliki. Bendera ya meli ni kama namba ya gari: inaonyesha gari limesajiliwa wapi, lakini haisemi jioni fedha zinahesabiwa mezani kwa nani. Mackinnon alisajili kampuni chini ya sheria ya Uholanzi, akapata haki zote za meli ya Kiholanzi, na faida ikafuata njia yake. Neno "Koninklijke", yaani "ya kifalme", lililomo katika jina la kampuni iliyoirithi ile ya Mackinnon, nalo hupotosha vivyo hivyo. Ni heshima inayotolewa kwa kampuni binafsi, kama ilivyo K ya kwanza katika KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wala halimaanishi kwamba mfalme ndiye mwenye mali.

Lakini kwa nini mkataba wa barua ugombewe hivyo, ilhali gunia la barua halijazi hata kona ya ngama? Jibu liko katika malipo, ambayo yalihesabiwa kwa maili. Mwenye daladala husubiri gari lijae ndipo aondoke. Mwenye mkataba wa barua huondoka siku iliyoandikwa, hata akiwa na gunia moja na mbuzi watatu, kwa kuwa sehemu ya makaa na mishahara imekwisha kulipiwa. Mshindani wake lazima atoe gharama zote katika nauli ya shehena. Zaidi ya hayo, mfanyabiashara mwenye mbata au pilipili manga ufukweni humpendelea yule ambaye siku yake ya kufika inajulikana, na kwa njia hiyo barua huvuta mzigo.

Mzigo ukishavutwa, swali ni unapelekwa wapi. Waholanzi walilalamika kwamba mazao ya visiwa vya mbali yaliishia Singapore, kisha yakaenda Ulaya katika meli za Waingereza. Mwaka 1888 kampuni mbili za Kiholanzi zenye meli kati ya Java na Ulaya, Stoomvaart Maatschappij Nederland na Rotterdamsche Lloyd, zilianzisha Koninklijke Paketvaart-Maatschappij, au KPM, ambayo ilipokea mkataba Januari 1891. Meli ndogo za KPM zikawa vijito, na meli kubwa za wazazi wake zikawa mto. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Singapore ilikauka: meli za KPM zenyewe ziliendelea kutia nanga huko, kwa sababu wafanyabiashara wa Kichina walionunua mazao ya visiwa na kutoa mikopo walikuwa huko.

KPM iling'olewa Indonesia kuanzia Desemba 1957, wafanyakazi walipoikalia ofisi yake ya Jakarta wakati wa mgogoro wa Irian Magharibi, nusu ya magharibi ya kisiwa cha New Guinea iliyogombewa na Indonesia na Uholanzi. Wazazi wake wawili waliungana na wengine mwaka 1970, na muungano huo baadaye ukaitwa Nedlloyd. British India ya Mackinnon ilikuwa imemezwa na kampuni ya meli ya Uingereza, P&O tangu 1914. Mwishoni mwa 1996, P&O na Nedlloyd ziliunganisha biashara yao ya makontena, warithi wa mahasimu wa Batavia wakawa kampuni moja, ambayo mwaka 2005 ilinunuliwa na Maersk ya Denmark.