Bury St Edmunds: gulio, magofu na hadithi zilizopinda

Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza, ni mji wa gulio: Jumatano na Jumamosi meza za wachuuzi hujaa katikati ya mji kama zilivyojaa kwa karne nyingi. Watalii hununua jibini, wanapiga picha, kisha wanaondoka na historia isiyo sahihi.

Eti kanisa kuu lenye mnara mrefu ndilo abasia ya kale, yaani monasteri ya watawa. Silo. Kanisa hilo, la Mtakatifu James, lilikuwa la parokia tu hadi mwaka 1914 lilipopandishwa hadhi. Mnara wake, unaoonekana wa enzi za kati, ulikamilika mwaka 2005. Facebook imeuzidi umri. Abasia yenyewe ni yale magofu yaliyo bustanini.

Eti Mfalme Henry VIII ndiye aliyeyafanya magofu. Henry aliifunga abasia mwaka 1539, hilo halina ubishi. Lakini kazi ya kuzimaliza kuta waliifanya zaidi wenyeji, waliochukua mawe mazuri ya nje wakajengea nyumba zao. Ndiyo maana leo unaona viini vya kuta tu, gumegume na chokaa. Upande wa mbele wa kanisa la abasia, watu walipachika nyumba kabisa ndani ya magofu, na bado zina wakazi.

Anayewalaumu wenyeji kwa kukosa heshima hajui walikotoka. Watawa wa abasia walifuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kama wale wa Peramiho na Ndanda, ila hapa abati, mkuu wa watawa, ndiye aliyekuwa mwenye mji: ushuru wa soko wake, mahakama yake. Wenyeji walitaka kujitawala, wakanyimwa. Mwaka 1327 waliivamia abasia, wakapora hati na kubomoa lango kuu. Lango unalopita leo kuingia bustanini ni lile lililojengwa upya baada ya ghasia hizo, na lina matundu ya kurushia mishale. Mimi ningeanzia ziara hapo, si kanisani.

Eti "Mary Tudor" aliyezikwa kanisa la Mtakatifu Maria ni yule malkia aliyechoma Waprotestanti. Huyo amezikwa Westminster, London. Wa hapa ni shangazi yake, dada wa Henry VIII, aliyeolewa na Louis XII wa Ufaransa mwaka 1514 na kufiwa naye kabla ya miezi mitatu kwisha. Alifariki mwaka 1533, akazikwa abasiani, na ilipofungwa akahamishiwa kanisa hili.

Eti Magna Carta, hati iliyombana mfalme kisheria, ilizaliwa hapa. Mji wenyewe hujiita chimbuko la sheria. Lakini Mfalme John aliipiga muhuri Runnymede, kando ya mto Thames, Juni 1215. Kuhusu Bury, mwandishi Roger wa Wendover alisimulia kwamba makabaila walikutana hapa mwaka 1214 kwa kisingizio cha sala, wakaapa mbele ya altare kumbana mfalme. Ni simulizi la mtu mmoja, na wanahistoria hawakubaliani juu yake.

Eti Moyse's Hall ilikuwa sinagogi. Jengo hili la mawe la mwaka 1180 hivi, makumbusho tangu 1899, halina ushahidi wa kuwa sinagogi. Wayahudi waliishi mjini kweli. Mwaka 1190 waliuawa 57, na waliosalia wakafukuzwa na Abati Samson. Hilo lingestahili kusimuliwa kuliko sinagogi la kubuni.

Eti Mtakatifu Edmund bado yuko kaburini mwake. Mfalme huyu aliuawa na Wadenmark mwaka 869, na kabla ya Mtakatifu George yeye ndiye aliyehesabiwa msimamizi wa Uingereza. Kaburi lake lilivunjwa abasia ilipofungwa, na mifupa haijulikani ilipo. Mwaka 1901 ililetwa mingine kutoka Toulouse, Ufaransa, ikidaiwa kuwa yake, wataalamu wakaitilia shaka, ikabaki Arundel, mji wa kusini mwa Uingereza.