Saratani ya figo: "kuishi miaka mitano" maana yake nini?

Mtu akiambiwa ana saratani ya figo, swali linalomkaba ni moja, hata asipolitamka: nimebakiza muda gani? Akianza kutafuta jibu, hukutana na asilimia za "kuishi miaka mitano". Wengi huzisoma kama mkataba wa nyumba, kwamba mwaka wa tano ukiisha, unahama.

Sivyo. Hiyo ni hesabu ya kundi: wagonjwa wangapi walikuwa hai miaka mitano tangu wagundulike, wakilinganishwa na watu wa rika lao wasio na saratani hiyo. Miaka mitano ni kituo cha kuhesabia tu, na waliohesabiwa hai hapo wengi wao huendelea na maisha miaka mingi mingine.

Tuchukue takwimu za Marekani. Uvimbe ukiwa bado ndani ya figo, ni takriban asilimia 93. Ukishaingia kwenye tezi au viungo vya jirani, hushuka hadi kama 75. Ukifika mbali, kwenye mapafu, mifupa au ubongo, haifiki 20. Kwa hiyo ile asilimia ya jumla, inayokaribia 80, haimwambii mgonjwa lolote. Inamweka chungu kimoja na watu ambao ugonjwa wao haufanani na wake.

Tatizo ni kwamba figo imejificha nyuma, karibu na mgongo, na uvimbe unaweza kukua bila kuuma. Wengi hugundulika kwa bahati, walipokwenda kupigwa ultrasaundi kwa shida nyingine kabisa. Dalili inayofahamika zaidi ni damu kwenye mkojo, na kwetu, hasa Kanda ya Ziwa na Pwani, damu hiyo huitwa kichocho papo hapo. Mara nyingi ni kichocho kweli. Lakini ikirudi baada ya dawa, au mwenye nayo ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, apigwe picha ya figo.

Tena takwimu hutazama nyuma. Nivolumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani, iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2015. Anayetibiwa nayo leo hafanani na aliyegundulika kabla yake. Ila dawa hizo ni ghali mno. Kwa uvimbe ambao haujasambaa, tegemeo kubwa bado ni upasuaji, na figo moja iliyo nzima hutosha.

Kwa mtoto mdogo, usizitumie kabisa hesabu hizi. Saratani ya figo ya watoto kwa kawaida ni uvimbe wa Wilms, ugonjwa mwingine wenye tiba yake.