Frieren: Hujaruka Msimu Wowote

Ukifungua sehemu ya kwanza ya anime (katuni ya Kijapani) ya Frieren, unakuta mashujaa wanne juu ya gari la farasi wakirudi mjini. Mfalme wa Mashetani ameshauawa, safari ya miaka 10 imekwisha. Basi watu huduwaa: mbona nimeanzia msimu wa pili, wa kwanza uko wapi?

Haupo. Hadithi hii ya Kanehito Yamada, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2020 kwa michoro ya Tsukasa Abe, inaanzia pale nyingine zinapokomea. Ya nyuma utayaona vipande vipande, Frieren anapokumbuka.

Wapo pia wanaolalamika kwamba sehemu hizo za mwanzo hazina tukio. Hapo nawabishia. Wanne hao wanatazama vimondo, na mmoja wao, Frieren, elfi (kiumbe wa hadithi anayeishi muda mrefu mno) aliyeishi zaidi ya miaka 1,000, anaahidi kuwaonyesha mahali pazuri zaidi miaka 50 ijayo, kama mtu anayesema tuonane Jumamosi. Anarudi kweli. Himmel, kiongozi wao aliyekuwa kijana mtanashati, sasa ni kizee kifupi chenye kipara na ndevu nyeupe. Haupiti muda anazikwa, na Frieren analia mazikoni: mbona sikujaribu kumjua? Safari yake mpya na Fern, mwanafunzi wake wa uchawi, inachipuka kutokana na swali hilo.

Huko Japani, sehemu 4 za kwanza zilirushwa kwa mkupuo mmoja tarehe 29 Septemba 2023. Nawe zitazame hivyo hivyo ukipata nafasi. Mimi nilizigawa kwa siku nne, nikajuta.