Floyd Collins pangoni: yanayosemwa na yaliyotokea

Ajali ya pangoni ikitangazwa popote duniani, haichukui muda jina la Floyd Collins, mpelelezi wa mapango, kutajwa, na chumvi yake juu. Alinaswa ndani ya Sand Cave, jimbo la Kentucky, Marekani, tarehe 30 Januari 1925, akiwa na umri wa miaka 37.

"Hakujua mapango." Aliyajua kuliko wengi. Mwaka 1917 ndiye aliyegundua Crystal Cave kwenye shamba la familia yao. Tatizo lilikuwa wateja wa kulipa kulitazama: watalii waliokwenda Mammoth Cave, pango maarufu la jirani, hawakufika kwake, kwa hiyo akawa anatafuta pango jingine karibu na barabara. Kosa lake, na ni kubwa, ni kuingia peke yake.

"Aliangukiwa na jabali." Jiwe lililombana mguu wa kushoto lilipokuja kupimwa lilikuwa na kilo 12 hivi. Mtu mzima hulinyanyua bila taabu, ila awe amesimama. Collins alikuwa amelala katika njia nyembamba, mikono imebanwa ubavuni, jiwe liko miguuni. Waokoaji walimfikia upande wa kichwa, na mwili wake wenyewe ndio ulioziba njia ya kufika kwenye jiwe. Walimfunga mikanda kifuani wakamvuta kwa kamba. Maumivu yakamzidi, ikabidi waache. Muda wote huo maji ya baridi yalikuwa yakimdondokea.

"Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya..." Hapa ndipo kila msimulizi ana lake. Mazungumzo tuliyo nayo yaliandikwa na William "Skeets" Miller wa gazeti la Louisville Courier-Journal. Kwa kuwa alikuwa na umbo dogo, alitambaa mara kadhaa hadi alipolala Collins, akamlisha na kumhoji. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 1926. Lakini tarehe 4 Februari njia iliporomoka, na baada ya hapo hakuna aliyemfikia tena akiwa hai. Wachimbaji walichimba shimo la wima la mita 17 hivi. Walipomfikia tarehe 16 alikuwa ameshakufa, kwa makadirio siku tatu nyuma. Basi anayekunukulia neno kwa neno alichosema Collins akikata roho, muulize yeye alikuwa amejibanza wapi.

"Ilikuwa janja ya kutafuta umaarufu." Uvumi huu ulianza Collins angali chini, huku juu maelfu wamefurika na wachuuzi wakiuza vyakula na pombe haramu. Ulikolea hadi jimbo likaunda tume ya kijeshi kuuchunguza. Lile shimo la wachimbaji, lililofichua maiti yake, ndilo lililoumaliza.

"Mwili ungali Sand Cave." Uliachwa kwanza kwa sababu kuutoa kulikuwa hatari, na ibada ya mazishi ikafanyika juu ya pango. Ndugu yake hakukubali. Aprili 1925 ukatolewa, ukazikwa shambani. Shamba likauzwa 1927, na mmiliki mpya, kwa ukosefu wa haya nisiouelewa mpaka leo, akauweka ndani ya Crystal Cave katika jeneza la kioo ili watalii wautazame. Mwaka 1929 ukaibwa. Ulipopatikana, mguu wa kushoto haukuwepo. Collins alizikwa makaburini kama watu wengine mwaka 1989, kwenye Kanisa la Mammoth Cave Baptist.